Gari Lililoinamia Mlangoni

Garsen asubuhi ni mji wa kawaida kabisa. Malori ya Lamu yamesimama kando ya lami, ng'ombe wanavuka barabara kana kwamba waliijenga wao, na jua linaanza kuuma kabla chai haijapoa. Ilikuwa asubuhi ya namna hiyo, ya kiangazi, Mangi alipoliingiza gari lake katika gereji ya Komora. Kama kuna mtu aliyehisi baridi mgongoni siku hiyo, basi alikuwa na malaria.

Gari lenyewe lilikuwa kituko. Mbele lilikuwa kichwa cha lori la dizeli la zamani, nyuma limejengewa nyumba nzima kama sanduku: kitanda, jiko la gesi, sinki, meza ya kukunja, dirisha lenye pazia la maua. Kati ya usukani na nyumba hapakuwa na njia. Ukitaka kuingia ndani lazima ushuke, uzunguke ubavuni, ukanyage kingazi cha chuma na kufungua mlango. Wazungu fulani walizunguka nalo Afrika mpaka wakachoka, wakaliuza Malindi, na Mangi akalinunua ili awakodishie watalii.

Bishara, mama wa Kiorma aliyekuwa akiuza chai ya maziwa kwenye kibanda cha mabati kando ya gereji, alilitazama kutoka magurudumuni hadi paani.

"Fundi, hii ni gari ama ni nyumba?"

"Ina magurudumu, mama. Ni gari."

"Na kitanda?"

"Ina kitanda. Bado ni gari."

Bishara akacheka. "Sisi Orma nyumba yetu pia inahama. Mwanamke anajenga, mwanamke anabomoa, anapakia juu ya punda, inaenda. Lakini hata ikiwa juu ya punda, hakuna mtu anaiita punda."

Mangi hakucheka. Alikuwa mtu wa shati safi na maneno machache. Alieleza matatizo akiwa amesimama nje, akielekeza kwa kidole, wala hakukanyaga kingazi. Injini inakohoa. Taa za ndani zinawaka zikitaka. Pampu ya maji haieleweki. Sakafu imeoza chini ya kitanda. Alitaka pia sola mpya juu ya paa, betri mpya, na kitasa kipya cha mlango.

"Lilikaa kwenye maji wakati wa mafuriko," alisema, kama mtu anayesimulia nguo alizosahau kuanua. "Na hicho kitasa, fundi, nitilie kikali. Mlango ukijifunga, asiufungue mtu wa nje hata kwa shoka."

Akaacha ufunguo, akapanda gari la kurudi Malindi.

Sasa Komora huyu alikuwa fundi ambaye hata waliomchukia walimpelekea magari yao. Alikuwa na msemo wake, na aliurudia mpaka ukachosha watu: gari halina uchawi, gari lina sababu. Mteja akija analia kwamba gari lake limerogwa, Komora hufungua boneti, hunusa, halafu humwonyesha panya aliyekata waya. Alikuwa mwaminifu wa mikono na mkaidi wa kichwa, na ukaidi huo ndio uliomwezesha kuamka kila siku tangu mafuriko.

Kwa maana mafuriko yalikuwa yamemchukua Charity, binti yake wa pekee, mwalimu wa chekechea kule Idsowe. Mto Tana ulipofurika, watu walimwona Charity barabarani akitembea kuelekea Garsen, maji yakiwa magotini, mtoto wake Beryl mgongoni. Baada ya hapo hakuna aliyemwona tena. Komora alimtafuta kwa mtumbwi mpaka Kau, kule mto unakokaribia kumwagika baharini, akichungulia kila kichaka kilichonasa takataka. Hakupata hata kanga. Nyumbani, mkewe alikataa matanga. Kanisa la Ngao, kijiji cha wazee wao, lilitaka kufanya ibada, wakaleta picha ya Charity kwenye fremu, na Mama Charity akaigeuza ikatazama ukuta.

"Mimi sitazika picha," alisema. "Nileteeni kitu cha kuzika."

Hicho tu ndicho walichokitaka katika dunia hii, yeye na mumewe: kitu cha kuzika.

Komora alianza kazi kwa pampu. Jua lilikuwa utosini, mji umelala, Bishara mwenyewe anasinzia kwenye kibanda chake. Komora alilala chali chini ya sinki, kichwa ndani ya kabati, bisibisi mkononi.

"Hodi."

Sauti ya mwanamke, ya chini, iliyochoka.

"Karibu," akasema Komora.

Usimlaumu. Nani katika sisi amepigiwa hodi akanyamaza? Mdomo huitika kabla akili haijauliza ni nani. Na huyu alikuwa na kichwa ndani ya kabati, ana nati ya kufungua.

Gari likainama. Liliinama upande wa mlango, polepole, springi ikalia, kama linavyoinama gari lolote mtu anapokanyaga kingazi na kupanda. Komora akasubiri mtu huyo aseme shida yake. Hakusema. Akatoa kichwa kabatini. Mlango ulikuwa wazi, jua limejaa mlangoni, na hapakuwa na mtu.

Kingazi kilikuwa kimelowa.

"Fundi," Bishara aliita kutoka kibandani, macho yamemtoka. "Nani ameingia?"

"Hakuna mtu."

"Hakuna mtu, na wewe umesema karibu?"

"Nilidhani ni mteja."

Bishara alivuta mtandio wake akajifunika mabega, jua likiwa kali vile vile.

Gari halikuinuka. Hilo ndilo lililomsumbua Komora, maana maji ya kingazi yalikauka na sauti aliisahau, lakini gari lilibaki limelala upande wa mlango. Akaleta pimamaji yake, ile ya waashi yenye povu ndani ya kioo, akailaza sakafuni. Povu likakimbilia upande wa pili, ule ulioinuka. Sawa, akasema, springi imechoka. Akainua gari kwa jeki, akatoa springi za upande mmoja akazihamishia upande mwingine. Kama ubovu ni wa springi, basi gari lingeinama upande wa pili.

Aliposhusha jeki, gari likainama mlangoni.

Kazi nyingine zilikwenda vizuri. Dizeli ilikuwa na maji, akaimwaga, akasafisha tanki, akabadilisha filta, na injini ikanguruma kwa furaha. Akafunga sola. Akatoa waya zilizoshika kutu akapitisha mpya. Lakini kila alipopita karibu na ile pimamaji aliitazama, na jioni moja akaona povu limehama. Gari sasa lilikuwa limeinamia upande wa kitanda. Asubuhi likarudi mlangoni. Mchana, kitandani. Komora amefanya kazi na springi maisha yake yote, na anajua springi mbovu haiamki asubuhi ikaenda mlangoni. Uzito ndio unaotembea.

Kisha pampu. Pampu ya maji ya gari la namna ile huamka mfereji unapofunguliwa, hunyamaza ukifungwa. Hii ilinguruma mifereji yote ikiwa imefungwa. Komora akakagua mabomba, hayavuji. Akabadilisha swichi. Ikanguruma. Akachomoa fyuzi yake. Alikuwa ameishika ile fyuzi kati ya vidole viwili, anaitazama, na chini ya sinki pampu ilikuwa inanguruma.

Akacheka peke yake. Kilikuwa kicheko kibaya.

Tanki alikuwa amelijaza maji ya kisima, meupe. Lakini godoro la kitanda, alipoliinua ili aione sakafu iliyooza, lilikuwa limeloa maji ya kahawia, yenye harufu ya tope na majani yaliyooza. Kila mtu wa Tana anaijua harufu hiyo, ni ya nyumba baada ya mto kutoka ndani yake. Paa linavuja, akajiambia Komora. Akapanda juu akaziba viungo vyote kwa silikoni. Kuvuja kwa paa, katika nchi ambayo haikuwa imeona wingu tangu mwaka uanze! Lakini mtu akiogopa hushika kazi anayoiweza.

Aliposhuka alilitazama godoro tena. Alama ya maji ilikuwa na urefu wa mtu aliyelala ubavu. Mbele yake, pale ambapo mama humlaza mtoto akinyonya, palikuwa na alama nyingine, ndogo.

Mlango aliuacha mwisho, kwa sababu ya kitasa. Ndipo alipoona kitu ambacho jicho lake lilipaswa kukiona siku ya kwanza. Gari zima lilikuwa na rangi ya zamani iliyopauka, isipokuwa mlango. Mlango tu ndio uliokuwa umepakwa upya, kwa brashi, na mtu asiyejua kupaka. Komora akachukua msasa akaanza kuisugua rangi hiyo ili aupake mlango upya vizuri. Rangi mpya ikatoka. Chini yake kulikuwa na mikwaruzo.

Ilikuwa ya kucha. Ilianzia usawa wa kifua cha mtu aliyesimama kwenye kingazi, ikashuka. Juu ilikuwa mirefu, yenye nguvu, imekula rangi mpaka kwenye bati. Katikati ikafifia. Ya mwisho kabisa ilikuwa chini, karibu na kingazi, midogo kama ya paka.

Msasa ukamwanguka. Alipiga magoti kuuokota, na katika bawaba ya kingazi, pale chuma kinapokunjika, akaona uzi. Akauvuta kwa koleo. Uzi ukatoka na shanga, nyeupe na nyekundu, za kiuno cha mtoto. Na katikati ya shanga kulikuwa na nati ndogo ya shaba.

Komora aliijua nati hiyo. Aliitoa mwenyewe kwenye kabureta ya pikipiki iliyokufa, akaisugua kwa majivu mpaka ikang'aa, siku Beryl alipopewa jina. Mama Charity alimcheka, akamwambia babu gani huyu anayempa mjukuu spea. Kisha akaitunga katikati ya shanga, na mtoto akaivaa.

Aliketi chini, kwenye mchanga wenye mafuta, na alilia. Fundi mzima, ndevu nyeupe, alilia kwa sauti mpaka Bishara akaja mbio na kikombe mkononi. Alimwonyesha shanga. Alimwonyesha mlango. Bishara alisoma ile mikwaruzo kwa kidole, kutoka juu hadi chini.

"Siku ile ulisema karibu," alinong'ona.

"Nilisema."

"Basi ni mgeni wako. Hii ni nyumba, fundi, nilikwambia. Mgeni amekaribishwa, hawezi kutoka bila ruhusa. Siku moja ataomba. Ataomba kwako, kwa sababu wewe ulimwitikia. Akiomba, mpe. Mara hiyo hiyo. Mgeni kama huyu haombi mara mbili."

Jioni Komora alizipeleka shanga nyumbani. Mama Charity alizishika mkononi, akazinusa, akazifunga kwenye pindo la kanga yake. Hakupiga kelele. Alimsikiliza mumewe mpaka mwisho, kisha akamshika mkono kwa namna ambayo hakuwa amemshika tangu mafuriko.

"Akiomba ruhusa, mpe, Baba Charity. Mwambie mama yake anamngoja Ngao. Tutazika hizi, na yeye atajua mahali pa kulala. Niahidi."

Komora akaahidi. Na wakati anaahidi, wallahi, alikuwa anasema kweli.

Mangi alirudi kesho yake kuchukua gari. Alilizunguka, akasifu sola, akasikiliza injini, akatabasamu. Alipofika mlangoni na kuona bati tupu lenye mikwaruzo, tabasamu likakauka.

"Mbona umetoa rangi?"

"Ilipakwa vibaya," alisema Komora. Sauti yake ilikuwa tulivu mpaka yeye mwenyewe akaishangaa. "Ni mnyama gani alikwaruza hivi?"

Mangi alitazama huku na huku, halafu, kama watu wengi waliobeba jambo kwa muda mrefu, akaona heri alimwage mbele ya mtu asiyehusika.

"Si mnyama, mzee. Ni wakati wa mafuriko. Nilikwama kule Idsowe, pale barabara ilipoinuka kidogo. Gari lilikuwa juu, ndani kukavu. Akaja mwanamke. Akasimama kwenye kingazi anapiga hodi. Hodi, hodi, hodi. Nikafunga. Ungefanya nini? Ukimfungulia mmoja, kijiji kizima kinaingia."

"Alikuwa peke yake?"

"Alikuwa na mtoto. Aliniomba nimchukue mtoto tu, kwa dirisha. Sasa mimi na mtoto wa watu wapi na wapi? Nilikuwa naandaa chai hapo jikoni, nikaongeza redio sauti." Akauelekeza mlango kwa kidole. "Alichelewa kuondoka, yule. Aliharibu mlango kabisa."

Upande wa pili wa ua, Bishara alikuwa ameacha kumimina chai.

"Tangu siku hiyo silali humo," Mangi akaendelea. "Kila nikilala nasikia hodi. Lakini mamangu alinifunza, usiitikie usiyemwona, na sijawahi kuitika. Wewe umekaa humo siku zote hizi. Hujasikia kitu?"

"Gari halina uchawi, bwana," alisema Komora. "Gari lina sababu. Ngoja nichukue vifaa vyangu."

Akapanda ndani. Mlango ukajifunga nyuma yake kwa kile kitasa kipya, kazi safi, kimya kama mkasi wenye mafuta. Ndani palikuwa na joto, na harufu ya mto. Godoro lilikuwa limebonyea ukingoni, kama mtu ameketi. Pampu ilinyamaza. Kila kitu kilinyamaza.

"Baba."

Ilikuwa sauti ile ile ya chini, iliyochoka, na sasa aliijua, aliijua tangu ilipokuwa inajifunza kuhesabu.

"Baba, naomba ruhusa."

Neno lilikuwa mdomoni mwake tayari. Nenda, mwanangu. Maneno mawili tu, na mtoto wake angelala Ngao karibu na bibi zake. Alifungua kinywa. Na hapo nje, upande wa pili wa bati jembamba, alimsikia Mangi akipiga mluzi, anangoja gari lake, wimbo mwepesi, mtu asiyedaiwa na yeyote.

Komora alilimeza lile neno.

"Kaa kwanza," alinong'ona. "Mwenye gari amekuja. Kaa naye."

Alisikia tu kitu kama pumzi ya mtoto anayetaka kulia akazibwa mdomo.

Akashuka na sanduku la vifaa. Mangi alikuwa ameshapanda kwenye usukani, na Komora aliona kwa macho yake gari likiinuka upande wa mlango. Liliinuka, likasimama sawa kabisa, kwa mara ya kwanza tangu aseme karibu. Uzito ulikuwa umeenda mbele. Ulikuwa umeegemea ukuta wa sanduku, nyuma tu ya kisogo cha dereva.

"Ukisikia pampu inanguruma njiani," alimwambia Mangi dirishani, "usiogope. Simama, ingia ndani, swichi iko chini ya sinki. Nimekaa humo siku nyingi. Hakuna kitu."

"Asante, mzee. Umenitoa mbali."

Likaondoka. Bishara alikuja akasimama mbele ya Komora, akamtazama kwa muda mrefu.

"Ameomba?"

Komora akaanza kufuta mikono kwa tambara. Akaifuta, akaifuta.

Polisi walimfuata kabla jua halijaelekea magharibi. Hawakumfuata kumkamata. Walitaka fundi wa kufungua kitasa. Gari lilikuwa kando ya barabara ya Idsowe, injini bado inaunguruma, mlango wa dereva wazi. Wachungaji wawili wa ng'ombe walikuwa hapo, na mkubwa wao alisimulia bila kupumua. Walimwona mtu akisimamisha gari, akazunguka, akaingia nyuma. Mlango ukajifunga. Baada ya muda akaanza kugonga. Mwanzo kwa ngumi, anaita, anaapa. Kisha analia. Walivuta mlango mpaka mikono ikachubuka. Walipiga madirisha kwa rungu, plastiki nene, rungu likaruka. Kisha wakamsikia anasema hodi.

"Alikuwa ndani," alisema mchungaji, "halafu anatupigia hodi sisi wa nje. Hodi, hodi, hodi. Halafu akaacha."

Komora akawasha mashine ya kukatia chuma. Kitasa kilikataa, alikuwa amekifunga kwa uaminifu. Kilipokatika, mlango ukamtupa chini.

Maji yalitoka kama ukuta. Maji ya kahawia, yenye tope, majani, matete. Yalimwagika juu ya ardhi iliyopasuka kwa kiangazi, yakampita Komora, yakalowesha viatu vya askari. Tanki la gari lile halijazi hata pipa moja. Kambare mmoja alibaki anarukaruka kwenye lami, na Mangi akatoka nyuma yake, kifudifudi, shati safi limejaa udongo, vidole havina kucha.

Upande wa ndani wa mlango, kwenye bati, kulikuwa na mikwaruzo mipya. Ilianzia usawa wa kifua, ikashuka.

Askari waliporudi nyuma kupiga simu, Komora aliusogelea mlango.

"Charity," alinong'ona. "Nenda, mwanangu. Nakupa ruhusa."

Hakuna aliyekuwa ameomba. Gari lilibaki limeinama, zito, upande wa mlango.

Mama Charity alizijua habari kabla Komora hajafika nyumbani. Garsen ni mji mdogo, na kifo cha namna ile kinatembea kasi kuliko pikipiki. Alimkuta mkewe ameketi ukumbini, shanga mkononi.

"Aliomba?"

"Aliomba."

"Ukampa?"

Komora alitazama sakafu. Alijaribu kueleza habari za ile chai, ile redio, ule mluzi. Alisema mtu yule alistahili. Mama Charity alimwacha aseme yote.

"Nilikwambia umpe ruhusa," alisema. "Wewe ukampa kazi."

Walizika shanga Ngao, shimo dogo kama la kupandia mgomba. Mchungaji aliomba, watu wakaitikia amina, na wazazi wawili walisimama kila mmoja upande wake wa shimo, wakijua kwamba hakuna aliyelala humo. Gari lilivutwa likawekwa kwenye kiwanja cha magari mabovu nje ya mji. Komora alienda huko mara nyingi. Alisimama mlangoni akatoa ruhusa, akalibembeleza gari, akalipigia magoti. Majuto ni mjukuu, husema watu, na Komora hata mjukuu hakuwa naye. Gari halikuinuka.

Kisha ikaja siku moja ya kawaida, ya jua kali, wameketi nyumbani. Mama Charity alikuwa anachambua mchicha kwenye ungo. Mlango ulikuwa wazi, pazia limetulia.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya mwanamume. Sauti ya mtu wa maneno machache, yenye maji kooni.

Komora aliijua. Alitikisa kichwa, akaweka kidole mdomoni, akamwashiria mkewe kwa mikono miwili: usiitikie, usiitikie. Mama Charity alimtazama. Alimtazama vizuri, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukata. Akaweka ungo chini.

"Karibu," akasema kwa sauti ya juu, ya ukarimu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Karibu sana. Kaa pale, karibu na mzee."

Pazia likasogea. Kiti cha mbao kilicho kando ya Komora kikalia, kikabonyea, na maji yakaanza kudondoka chini yake, tone moja moja, kwenye saruji.

"Mama Charity," Komora alinong'ona. "Akiomba ruhusa, mpe. Nakusihi. Akiomba, mpe."

Mkewe alikuwa amerudia mchicha wake.

"Akiomba," alisema, "nitamwambia ulivyomwambia mwanangu. Kaa kwanza."

Komora bado anatengeneza magari pale Garsen, ingawa ule msemo wake hausemi tena. Ukienda kwake nyumbani utakaribishwa vizuri, utapewa chai, utaonyeshwa pa kukaa. Kiti kimoja hutaonyeshwa. Juu yake imelazwa pimamaji, na povu limekimbilia ukutani, limesimama huko. Sakafu chini ya kiti hicho imeota ukungu wa kijani, na haijakauka hata kiangazi.